Sweta Tatu, Mtoto Mmoja

Ndugu zangu mlio na watoto majumbani, sogeeni niwasimulie. Jambo hili liliwapata jirani zangu tunaopakana ukuta kwa ukuta, na wote wawili, mke na mume, wamenipa ruhusa ya kulisema.

Mke ni msusi, na mtaani tunamwita hivyo hivyo, Msusi. Mume ni dereva wa gari la mikate. Walijaliwa mtoto wa kike kiangazi kilipokuwa kinaanza. Kila asubuhi Msusi alimwogesha kwenye beseni karibu na mlango wa uani, mtoto akirusha miguu kama mwendesha baiskeli, na Dereva alisimama hapo na kikombe chake mpaka chai ikapoa. Mimi na magoti yangu haya nilikuwa natoka nje ili niwasikilize tu. Ilikuwa nyumba ya amani.

Kisha simu ikalia.

Lazima mjue kwamba Dereva alifiwa na wazazi akiwa mdogo. Waliomlea ni shangazi zake watatu, wanaoishi pamoja mji mwingine na kufuma sweta za wanafunzi. Walimlisha, wakamsomesha, wakamvisha. Mtu kama huyo akiambiwa na shangazi zake, "Tuletee mjukuu tumwone," neno "subiri" halimtoki.

"Mtoto hajatimiza hata miezi miwili," Msusi alimwambia. "Na joto lenyewe hili. Tungengoja lipungue."

"Siku mbili tu, mke wangu. Wale ndio mama zangu."

Basi Dereva akaendesha gari, wakaenda.

Walipokelewa vizuri, sitasema uongo. Shangazi Mdogo aliwaachia kitanda chake, yeye akalala chini, na kila mtoto aliponyonya alimletea mama maji ya kunywa bila kuombwa. Shangazi wa Kati alifua nepi zote. Shangazi Mkubwa alimpakata mtoto, akatokwa na machozi. Hawakuwa watu wabaya. Wangekuwa wabaya, Msusi angewakimbia mapema.

Lakini nyumba ile ndiyo iliyokuwa karakana. Mashine ya kufumia ilikaa sebuleni, magunia ya nyuzi yamepangwa mpaka karibu na dari, na madirisha yamezibwa kwa plastiki, maana vumbi likiingia kwenye sufu nyeupe, sweta haina mnunuzi. Hewa mliyovuta leo ni ile mliyoiacha jana.

Siku mbili zikapita. Shangazi Mkubwa akasema majirani hawajamaliza kumwona mtoto. Ya tatu ikapita pia.

"Wahenga wamesema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," Msusi akajaribu utani. "Sisi naona mtatupa sindano za kufumia."

Wakacheka, wakamrudisha kwenye kiti. Kiti chenyewe kilikuwa katikati ya magunia, na ili atoke, ilibidi watu wawili wasimame kwanza. Akitaka kukaa barazani, aliambiwa upepo utamwingia mtoto kifuani. Akitaja nyumbani, "Kwani hapa ni wapi?" Akisema mtoto anavuja jasho, Shangazi wa Kati alimjibu kwa kicheko, "Wewe unajua vichwa, mwanangu. Kuanzia shingoni kwenda chini tuachie sisi."

Na mumewe je? Dereva alikuwa amerudi utotoni. Analishwa, anaitwa Kibogoyo kama zamani, kwa sababu meno yake yalichelewa kuota. Msusi alipomvuta pembeni, alisema, "Vumilia kidogo. Nikiondoka sasa watasema nimeoa mke akanifundisha kiburi." Ufunguo wa gari ulikuwa mfukoni mwake. Msusi akarudi kwenye magunia.

Sasa nisikilizeni vizuri. Kila shangazi alikuwa amemfumia mtoto sweta. Na kwa wafumaji wale kulikuwa na jambo moja zito: mteja akijaribu sweta kisha akaivua mbele yako, maana yake ameikataa. Mazoea hayo ya dukani waliyaingiza nyumbani. Sweta ya zawadi haikuvuliwa mbele ya aliyeifuma. Siku za mwanzo Msusi alipata nafuu, kwa sababu mmoja akiwepo mwingine yuko sokoni, naye alimbadilishia mtoto sweta kimyakimya. Lakini siku waliyotaka mtoto apigwe picha, wote watatu walikuwapo.

Dereva alitumwa aende na gari kumleta mpiga picha. Huku nyuma Shangazi Mkubwa akamvika mtoto sweta yake ya manjano. Wa Kati akavika nyeupe juu yake. Mdogo, ambaye yake ilikuwa pana, akavika ya bluu juu ya zote. Mtoto akalia mpaka sauti ikakwaruza.

"Shangazi zangu, mtoto ana joto," Msusi akasema. "Naomba nimpunguzie moja."

"Utavua ipi?" akauliza Shangazi wa Kati.

"Hii ya juu."

Shangazi Mdogo akainamisha macho. "Sawa. Mimi humu ndani ndiye wa mwisho kwa kila kitu. Vua."

"Usimwonee," akasema Mkubwa. "Itoke ile nyeupe. Yenyewe inashika uchafu."

"Nyeupe niliyoikeshea? Anza na yako."

"Yangu iko chini kabisa, utaivuaje? Halafu mimi ndiye niliyembeba baba yake mgongoni mpaka shuleni."

"Ukambeba siku ya kwanza. Zilizobaki alimbeba nani?"

Wakaendelea hivyo, wakichambua fadhila za miaka yote. Mara mtoto akanyamaza.

"Mnaona?" akasema Mkubwa. "Ametulia. Sufu nzuri haimsumbui mtoto."

Msusi akapitisha vidole shingoni mwa mwanawe. Jasho lilikuwa limekauka, ngozi inachoma. Akampa titi, mdomo haukushika. Jicho lilikuwa nusu wazi na halimtazami mtu.

"Nipisheni," akasema.

"Ngoja ipigwe picha moja tu, mama," akasema Mkubwa.

Msusi akamlaza mtoto mapajani. Alinyoosha mkono akachukua mkasi juu ya meza ya mashine, akaingiza vidole vyake kati ya sufu na ngozi ya mtoto, akakata kutoka shingoni mpaka tumboni. Alikata zote tatu kwa pamoja. Hakuna iliyotangulia kuvuliwa, na hakuna iliyobaki.

Wa kwanza kuinuka ni Shangazi Mdogo. Aliichana plastiki ya dirisha kwa kucha zake, akaleta maji na kitambaa, kisha akatoka pekupeku mpaka barabarani akisimamisha magari. Alisimama fundi bomba. Alipomwona mtoto alishuka mbio. Alishusha mabomba yake kando ya njia, akayaacha hapo, ili mama na mtoto wapate nafasi.

Hospitalini muuguzi alihangaika nao muda mrefu. Mtoto alipolia tena, kilio chembamba, ndipo alipogeuka na kusema, "Mtoto wako hakuwa na ugonjwa, dada. Alikuwa na nguo. Angechelewa kidogo tu, tungekuwa tunazungumza mengine."

Dereva alifika mbio, mpiga picha nyuma yake na kamera shingoni. Alifikishwa mbele ya kitanda cha mwanawe, akaketi sakafuni.

Jioni akaja Shangazi Mkubwa. Alisimama mlangoni.

"Naweza kumwona?"

"Karibu, shangazi," akasema Msusi. "Mwone."

Mkubwa akasogea, na kwa mazoea akanyoosha mikono.

"Kumshika bado," Msusi akasema kwa upole. "Siku ikifika nitakwambia mwenyewe."

Mikono ikabaki hewani. Shangazi akamtazama Dereva, akingoja neno lake kama alivyozoea. Dereva akainuka kutoka sakafuni, akasimama upande wa kitanda alipokuwa mkewe.

"Ni kama alivyosema mama yake," akajibu. "Na mtoto akiruhusiwa kutoka hapa, tunakwenda nyumbani moja kwa moja."

Mikono ya shangazi ikashuka. "Haya," akasema. Akatafuta benchi, akakaa.

Mafunzo

Upendo ambao hausikilizi unaweza kudhuru kama chuki, na ni vigumu zaidi kuukimbia, kwa sababu unakuja na chakula na kitanda.

Wewe mwanamume uliyelelewa na watu wema, walipe wema wao kwa jasho lako mwenyewe. Usiwalipe kwa mtoto. Wewe mwenyeji, ukitaka kumwona mtoto mchanga wakati wa joto, panda gari umfuate alipo. Wewe una miguu, yeye hana. Na wewe mama kijana, kumbuka wahenga walisema heshima si utumwa. Kataa mapema, kwa sauti ya kawaida, kabla hujalazimika kushika mkasi.

Na mtoto mchanga akinyamaza ghafla kwenye joto, msimsifu. Mguseni.