Kwotabeki wa Ghorofa ya Nne

Kila Jumatatu asubuhi Lydia alipanda basi la ghorofa karibu na soko la Lewisham, London, akapanda ngazi hadi juu, akakaa kiti cha mbele na kumwekea rafiki yake Parminder nafasi. Parminder aliingia kituo cha tatu. Kabla hata ya kuweka mkoba chini, aliuliza:

"Vipi, jana kaka yako alicheza?"

Lydia alikuwa na miaka kumi na miwili. Kaka yake, Kamande, alikuwa na ishirini na minne, na kila mtu shuleni alijua kwamba ni kwotabeki wa timu ya kulipwa huko Marekani. Mpira wa Kimarekani si wa kupiga kwa mguu. Mpira wenyewe una umbo la yai, na kwotabeki ndiye anayeupokea, anayetazama haraka ni mwenzake yupi hajakabwa, kisha anaurusha kabla hajaangushwa. Timu nzima humtegemea. Kamande alijifunza mchezo huo kwenye uwanja wa wazi hapo hapo Lewisham. Mkono wake wa kulia ulimpatia nafasi ya chuo kikuu ng'ambo, na baada ya chuo timu moja ikamsajili. Siku aliyoondoka, mchungaji alimwita mbele ya kanisa zima na kumwombea. Picha yake ilibandikwa kwenye ukuta wa shule aliyosoma, ambayo sasa ni shule ya Lydia.

"Hakucheza," Lydia alijibu. "Kocha anamweka akiba. Labda wiki ijayo."

"Wanamwonea! Mimi na baba tulitazama mechi nzima, hata kwenye benchi hatukumwona."

Lydia aligeukia dirishani. Kamande hakuwa kwenye benchi kwa sababu hakuwa Marekani. Wakati huo huo alikuwa amelala kwenye kochi la fleti yao, ghorofa ya nne, na alikuwa hapo tangu Agosti.

Alirudi siku moja ya mvua, na begi moja tu. Alisema timu imepunguza wachezaji na yeye ni mmoja wa walioachwa. "Mama, nakuomba wiki mbili," alisema. "Usimwambie mtu. Nitapata timu nyingine, nitaondoka kimyakimya, hakuna atakayejua."

Mama yao, Jennifer, alikuwa muuguzi. Kwa kawaida hakuwa mtu wa kuficha mambo. Lakini alikumbuka vile watu wa kanisani walivyompigia makofi, na vile wauguzi wenzake walivyomwita "Mama Kwotabeki". Alimwita Lydia jikoni, akafunga mlango.

"Watu wakiuliza, kaka yako yuko Amerika. Umesikia?"

"Lakini Mama, si yuko hapo sebuleni?"

"Lydia, ni wiki mbili tu."

Wiki mbili zikawa miezi mitatu. Hakuna timu iliyopiga simu. Kamande alitoka nje mara chache, akiwa amefunika kichwa kwa kofia ya jaketi, na alitumia ngazi badala ya lifti ili asikutane na majirani. Mama alianza kuhudhuria ibada ya kwanza kabisa, ile yenye watu wachache, na kuondoka kabla ya chai. Marekani ikitajwa mezani, aliinuka na kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi tayari.

Siku moja Lydia alikuwa na homa, na Parminder alimletea kazi za shule nyumbani. Lydia alifungua mlango nusu, akasimama kwenye uwazi. Nyuma yake, sebuleni, mwanamume alikohoa.

"Una wageni?" Parminder aliuliza.

"Ni fundi wa mabomba," Lydia alisema upesi. "Bafuni kunavuja."

Parminder alimpa makaratasi na kuondoka. Lydia alipogeuka, Kamande alikuwa amesimama katikati ya sebule akimtazama. Hakumkemea. Alirudi tu kwenye kochi, akajifunika blanketi hadi usoni. Lydia alitamani angemgombeza.

Mwezi wa Novemba, mwalimu wa michezo alianzisha timu ya wasichana ya mpira wa bendera. Huo ni mpira wa Kimarekani usio na kuangushana: kila mchezaji hufunga mkanda wenye vitambaa viwili, na akinyofolewa kimoja, lazima asimame. Mwalimu mwenyewe aliitwa Surinder. Alizaliwa Kisumu, wazazi wake wakahamia London akiwa mdogo, na alifurahi kila alipopata mtu wa kuzungumza naye Kiswahili.

"Nani atakuwa kwotabeki wetu?" aliuliza siku ya kwanza.

Wasichana wote walimwelekezea Lydia kidole. Hakuna aliyeuliza kama anajua kurusha.

Hakujua. Mipira yake mitatu ya kwanza ilianguka njiani, na msichana mmoja akacheka, "Dada wa kwotabeki ndiye huyu?" Tangu siku hiyo, kila alasiri Lydia alikwenda nyuma ya gereji za majengo yao na kurusha mpira ukutani. Mara mia moja. Kisha mara mia mbili. Baada ya wiki mbili mpira ulikuwa unakwenda mbali na moja kwa moja. Pia bega lake la kulia lilikuwa linauma. Mwanzoni liliuma wakati wa kurusha tu. Baadaye likauma alipoandika, alipochana nywele, alipovaa koti.

"Uko sawa, Lydia?" Mwalimu Surinder alimuuliza siku moja alipomwona ameshika bega.

"Niko sawa kabisa, Mwalimu."

"Kweli? Jumamosi tuna mashindano Woolwich, shule sita. Mtu akiwa na maumivu nataka kujua mapema."

"Hakuna kitu, Mwalimu. Ni baridi tu."

Alhamisi, siku mbili kabla ya mashindano, Lydia alirudi nyumbani akatoa pakiti ya njegere kwenye friza, akaifunga begani kwa skafu. Alidhani Kamande amelala. Hakuwa amelala.

"Tangu lini?" Kamande aliuliza kutoka mlangoni mwa jikoni.

Lydia aliruka kwa mshtuko. "Tangu lini nini?"

"Hilo bega."

"Wiki tatu. Si kitu."

"Nani anajua?"

"Hakuna. Na usimwambie Mama! Mashindano ni keshokutwa."

Kamande alivuta kiti akaketi. Uso wake ulikuwa umebadilika, kama mtu aliyesikia sauti anayoijua. "Lydia, Mama akirudi kazini leo, unamwambia. Usiposema wewe, nitasema mimi."

Hapo hasira zote za miezi mitatu zilimpanda Lydia. "Wewe ndiye wa kuniambia niseme? Kila Jumatatu nadanganya kwa ajili yako! Rafiki yangu hawezi kuingia nyumbani kwetu kwa ajili yako! Na unafikiri sioni? Unainua birika kwa mkono wa kushoto. Unapiga mswaki kwa mkono wa kushoto. Wewe ulimwambia nani?"

Kamande aliteremsha mkono wa kulia chini ya meza. 

"Hakuna," alisema. "Bega lilianza kuuma mwaka jana, mwezi wa Oktoba. Nilikuwa kwotabeki wa tatu, wa akiba. Kila wiki walileta vijana wapya kuwajaribu, na nilijua nikisema nina maumivu, mmoja wao atachukua nafasi yangu. Daktari wa timu aliponiuliza, nilimwambia niko sawa. Mchezaji mwenzangu alinipa dawa za kutuliza maumivu, nikameza mbili kabla ya mazoezi, kisha tatu, kisha nne. Nikaendelea kurusha. Mwezi wa Agosti, mbele ya makocha wote, nilirusha mpira wa karibu ambao hata wewe ungeurusha. Ulianguka miguuni pangu. Sikuweza kuinua mkono. Walipopiga picha za bega, waliona kano imechanika, na kwamba ilichanika zamani. Daktari alisema ingekuwa kitu kidogo kama ningesema mapema."

"Kwa hiyo hawakupunguza wachezaji?"

"Walinipunguza mimi tu."

Mlango wa mbele ulifunguka. Mama alikuwa amesimama kwenye korido, koti bado limelowa, kitambulisho cha hospitali kimening'inia shingoni. Hakuna aliyejua amesikia kiasi gani. Alisikia ya kutosha.

"Inua mkono," alimwambia Kamande.

"Mama…"

"Nimesema inua mkono."

Kamande aliinua. Mkono ulifika usawa wa kifua, ukatetemeka, ukasimama hapo. Mama alilishika bega kwa vidole vyake, polepole, kama anavyoshika wagonjwa. Kisha akamgeukia Lydia, akafungua skafu, akaweka zile njegere mezani na kubonyeza bega lake pia. Lydia aliuma meno lakini machozi yalimtoka.

Mama aliketi sakafuni hapo hapo, na viatu vyake. "Kila siku nauliza watu nisiowajua, wapi panauma," alisema. "Wazee, walevi, watoto wa watu. Nauliza mpaka sauti inakauka. Na hapa nyumbani kwangu, miezi mitatu, mwanangu hawezi kuinua mkono na mimi sikuuliza. Sikuuliza kwa sababu nilikuwa nashughulika kuficha."

Kamande alishuka akaketi karibu naye. Lydia alikuwa hajawahi kumwona kaka yake akilia.

Ijumaa baada ya masomo, Kamande alikwenda shuleni na Lydia. Alipita kwenye lango kuu bila kofia. Wasichana walipomwona walipiga kelele na kumkimbilia, wakitaka kupiga picha naye. Aliwaomba wakae kwenye nyasi.

"Nimekuja kusema mambo mawili," alisema. "La kwanza, mimi si mchezaji wa timu ile tena. Niliachwa Agosti. Nimekuwa nyumbani tangu wakati huo, na nilimfanya mdogo wangu aseme uongo. Kosa hilo ni langu." Alimgeukia Mwalimu Surinder. "La pili, Lydia ameumia bega, Mwalimu. Kesho asirushe."

 Msichana mmoja alinong'ona kitu na mwingine akacheka. Parminder hakucheka. Alimtazama Kamande, kisha Lydia.

"Fundi wa mabomba," alisema taratibu. "Ndiye huyu?"

"Ndiye," Lydia alisema. "Parminder, nisamehe. Nilitaka kukuambia. Kila Jumatatu nilitaka."

"Baba na mimi tulikuwa tunakesha kumtafuta kwenye televisheni," Parminder alisema, akainuka na kwenda kusimama mbali.

Mwalimu Surinder hakumgombeza Lydia mbele ya wenzake. Alimwita kando. "Nilikuuliza, binti," alisema. "Ungecheza kesho ukaumia zaidi, ningejilaumu maisha yangu yote. Siwezi kukulinda na kitu nisichokijua."

Mashindano ya Woolwich yalifanyika kwenye baridi kali. Parminder ndiye aliyecheza kama kwotabeki. Timu yao ilipoteza mechi mbili na kushinda moja. Lydia alibeba chupa za maji na kushika makoti ya wenzake. Mara mbili alimpa Parminder chupa, na mara mbili Parminder aliipokea bila kumtazama. Baada ya mechi ya tatu alikuja mwenyewe, akaketi kwenye benchi, akiacha nafasi ya mtu mmoja kati yao.

"Bado nimekasirika," alisema.

"Najua."

"Ule mpira wa mwisho niliurusha vibaya, sivyo?"

"Ulitazama chini kabla ya kurusha."

Parminder aliitikia kwa kichwa. Walirudi kwenye basi moja, viti vya karibu.

Jumapili, Mama alikwenda ibada kuu pamoja na watoto wake wote wawili. Wakati wa matangazo aliomba nafasi ya kusema. Alieleza kwa maneno machache kwamba Kamande amerudi, ameumia, na kwamba yeye mwenyewe aliwadanganya. Wengine walitazamana. Mzee mmoja alisikika akiuliza kwa sauti kwa nini waliachwa waendelee kumwombea huko Marekani ilhali alikuwa hapa hapa. Mama aliinamisha kichwa na kuyapokea maneno hayo. Lakini wakati wa chai, watu walijipanga mstari kumshika Kamande mkono wa kushoto.

Wiki iliyofuata walikwenda kliniki ya viungo, na wote wawili wakapimwa. Lydia aliambiwa apumzishe bega wiki sita, afanye mazoezi mepesi, na litapona kabisa. Habari za Kamande zilikuwa nzito. Angehitaji upasuaji. Mkono ungerudi kufanya kazi za kawaida, kuinua, kuandika, kubeba. Kuhusu kurusha kama zamani, daktari alitikisa kichwa kukataa.

Walitoka nje. Kamande alitangulia hadi kituo cha basi. Mvua nyembamba ilikuwa inanyesha, na foleni ilikuwa ndefu. Lydia alisimama karibu naye.

Mama aliwashika wote wawili, mmoja kila upande.

"Nisikilizeni," alisema. "Maumivu si aibu. Mwili unapouma unaomba msaada, na mtu anayeufunga mdomo anajinyima msaada mwenyewe. Uongo nao ni hivyo hivyo. Nilidhani nawalinda, kumbe nilikuwa nawafundisha kuumia kimyakimya, na Lydia alijifunza vizuri kuliko nilivyotaka. Kuanzia leo, nyumbani kwetu anayeumia anasema siku hiyo hiyo, hata kama ni mimi. Mkono wako, Kamande, haukukufanya kuwa mwanangu, na hautakuondoa."

Kamande alijifuta uso. "Mimi naumia, Mama," alisema. "Si bega tu. Sijui nitakuwa nani sasa."

"Vizuri," Mama alijibu. "Sasa tunajua pa kuanzia."

Basi lilifika, wakapanda.