Tumefika?

Miaka ile Wazungu wa Lugari walipokuwa wakifunga virago, Cleophas, karani wa mjini Kakamega, alinunua gari la Kimarekani kutoka kwa binamu yake Sylvanus. Lilikuwa na kitu ambacho mji mzima haukuwa nacho: mashine ya kupuliza baridi. Majirani, nao hawana dogo, walisema anaringa. Ukweli ni kwamba mkewe Beldina alikuwa mjamzito, mimba mbili zilikuwa zimeshaharibika, na jua la njia ya kliniki lilikuwa likimmaliza. Cleophas alimtaka mtoto huyu kuliko kitu chochote duniani.

Lakini baridi yenyewe ilitoka kidogo tu, kama mtu anayepuliza uji. Akalipeleka kwa fundi Patroba. Patroba akakaza mkanda, akaosha vumbi lililoziba pale mbele, akajaza gesi, akapaka povu la sabuni kwenye mabomba aone panapovuja. Hapakuvuja. Kesho yake upepo ukawa dhaifu vilevile.

"Unaniibia gesi," Cleophas akamwambia waziwazi.

"Gesi iko, karani. Ingia nyuma uone."

Akaingia. Upande wa kushoto wa kiti cha nyuma ulikuwa baridi mpaka ukamuuma mapajani. Upande wa kulia ulikuwa na joto la kawaida. Na huko nyuma hapakuwa na tundu hata moja la kupulizia.

Patroba akapunguza sauti. "Hii gari ilibebanga maiti? Maiti unamwambianga njia yote. Hapa ni mto, hapa ni njia panda. Mkifika unamwambia, tumefika, shuka. Kama hajaambiwa, anabaki tu ndani."

Cleophas akacheka. Fundi ameshindwa na kazi, sasa anasingizia wafu! Hata hivyo, njia nzima ya kurudi alikuwa akikitupia kioo cha kutazamia nyuma jicho la wizi.

Wiki hiyo alimtoa Beldina kliniki, adhuhuri, jua linawaka. Beldina alikuwa mbele, amefumba macho. Walipovuka daraja, sauti ndogo ikanong'ona, "Tumefika?"

"Bado, mama."

Kwenye njia panda, tena. "Tumefika?"

"Bado kidogo."

Akasimamisha gari mlangoni kwake.

"Tumefika?"

"Tumefika. Shuka."

Beldina akafumbua macho. "Unaongea na nani?"

Cleophas akageuka nyuma. Mlango wa nyuma ulikuwa ukifunguka. Ule wa kushoto. Polepole. Hapakuwa na mtu. Kisha mashine ikavuma, na baridi ikawapiga usoni kwa nguvu, safi kabisa, kama ya gari jipya.

Mtoto akazaliwa mzima, wa kiume. Cleophas alilia kwa furaha. Ila mtoto alikataa ziwa. Alilia usiku na mchana. Mama yake Cleophas, bibi Khalayi, akafanya inavyofanywa: akawataja marehemu wa ukoo mmoja mmoja, kwa maana mtoto hunyamaza na kunyonya akisikia jina la marehemu aliyemrudia. Akataja upande wa baba. Akataja upande wa mama. Majina yakaisha. Mtoto bado analia, na sauti imeanza kukauka.

Cleophas akakumbuka aliyemshusha mlangoni, akaenda mbio kwa Sylvanus.

"Ulimbeba nani kwenye ile gari?"

Sylvanus akatazama chini. "Mtu fulani tu. Tulimpata amekufa kando ya barabara ya Navakholo. Tukamzika harakaharaka, mvua ilikuwa inakuja."

"Mlimwambia amefika?"

"Afike wapi? Hatukujua kwao."

"Jina lake?"

"Hakuna mtu alimjua, ndugu yangu."

Cleophas akarudi nyumbani. Akapiga magoti kando ya kitanda, akaanza kutaja kila jina la mwanamume aliloweza kulikumbuka, la Waluhya, la Wakalenjin, hata la Wazungu. Beldina aliitikia kila jina kwa kumwekea mtoto ziwa mdomoni. Mtoto akageuza uso pembeni. Cleophas akainama karibu amsikilize, kwa kuwa kilio kilikuwa kimebaki mnong'ono.

Nje jua lilikuwa kali. Pumzi ya mtoto ilimgusa shavuni, na ilikuwa baridi.