Mjane wa Simenti

Harufu ilianza kwenye shati. Zuhurah alikuwa anafua nyuma ya nyumba yao, Pajulu, nje kidogo ya jiji la Arua, alipogeuza kola ya shati la kazi la mume wake akasikia moshi wa kujifukiza. Haukuwa moshi wa jikoni. Ulikuwa ule ambao mwanamke aliyeolewa hukaa juu yake amejifunika blanketi, kuni za harufu zikifuka chini, ili mumewe akirudi amtambue kabla ya kumwona. Kila nyumba ina mchanganyiko wake. Wa Zuhurah ulikuwa na udi na karafuu. Huu ulikuwa na kitu kingine, na chini ya hicho kitu, simenti mbichi.

Alilikamua shati, akalianika. Jioni, wakiwa wawili tu kwa kuwa binti yao alikuwa shule ya bweni, akamwuliza.

"Baba Nabila, leo ulipita kwa nani?"

"Kwa nani tena? Mimi nilikuwa kazi." Abdunoor alicheka. "Mama Nabila, wivu yako itakuua. Mwanamke moja tu nilishika wiki hii, na ule iko ya simenti."

Hilo lilikuwa kweli. Jiji lilikuwa limempa kazi ya kuondoa sanamu katika bustani iliyo chini ya Arua Hill: askari wa enzi ya Mwingereza, bunduki begani, na nyuma yake mkewe, mzigo kichwani. Maneno yalikuwa mengi. Watu wa vijiji vya Aroi walisema askari hao walichoma maghala ya babu zao, na watoto wao hawatacheza miguuni mwa mchoma maghala. Wanubi wa mjini, Zuhurah akiwa mmoja wao, walisema huyo ni babu yetu, mnamtoa mnampeleka wapi? Baraza likapiga kura. Askari alipong'olewa alivunjika vipande. Mwanamke alitoka mzima, na kwa kuwa stoo ya jiji ilikuwa imejaa, Abdunoor alimleta nyumbani kwa muda, akamsimamisha uani kando ya mifuko ya simenti, uso ukielekea mlango wa jikoni.

Tangu hapo Zuhurah alikuwa anapika akitazamwa.

Santa, jirani aliyetoka Sudan Kusini na kuuza samaki wakavu, aliegemea ua akamtania. "Mama Nabila! Hata chai hapana? Mke mwenzako amesimama tangu asubuhi."

"Mpe wewe kiti," Zuhurah alijibu, wakacheka wote wawili.

Lakini alipoingia chumbani alikuta upande wake wa kitanda una vumbi la kijivu, na mto wake umewekwa chini sakafuni, jinsi mgeni anavyotandikiwa. Aliupangusa mto akaurudisha. Kesho yake ulikuwa sakafuni tena. Gauni lake la sikukuu alilikuta limefumuliwa mishono yote, bila kukatika hata uzi mmoja. Na Abdunoor akawa na tabia mpya. Akirudi kazini, kabla ya kuvua viatu, alijaza ndoo akamwosha yule mwanamke wa simenti uso, polepole, huku akisema naye kwa sauti ya chini.

"Unamwambia nini?"

"Nani? Mimi sikusema kitu."

Ijumaa moja Zuhurah alirudi kutoka sokoni, akamkuta mumewe sebuleni anakula.

"Nani amekupa chakula?"

"Si wewe? Umeniita sasa hivi, 'Baba Nabila, kuja kula.'" Alitafuna, na mchanga ukasikika menoni mwake. "Leo chumvi iko sawa."

Ndani ya sahani kulikuwa na mchanga na maji. Kando yake kulikuwa na kawa ya kufunikia chakula. Kawa zote za nyumba ile Zuhurah alizisuka kwa mikono yake, na ile hakuisuka yeye. Rangi zake zilikuwa za majani na udongo, kazi ambayo hata bibi yake aliisikia tu ikisimuliwa. Alitaka kupiga kelele, lakini kutoka jikoni, ambako hapakuwa na mtu, alisikia mfuniko wa chungu ukirudishwa taratibu, halafu nyayo za mtu anayetembea na mzigo kichwani, nzito, sawasawa, zikija hadi nyuma ya pazia la mlango na kusimama pale, na ule moshi ukaingia kwanza, ukapita karibu na uso wake bila kumgusa, ukaenda kumzunguka Abdunoor shingoni kama mikono, na yeye akafumba macho akatabasamu tabasamu ambalo Zuhurah alilijua vizuri, kwa sababu miaka yote ya ndoa yao aliamini ni lake peke yake.

Hapo woga ulimpungua. Kilichobaki kilikuwa kikali zaidi.

Alimfuata Isa, dereva wa kreni, hadi gereji.

"Siku ile bustanini mlifanya nini?"

"Shemeji, ile ilikuwa mchezo tu."

"Niambie huo mchezo."

Isa alijikuna kisogo. Kreni ilivuta, alisema, ikavuta, mwanamke hakutikisika. "Mimi nikasema, bwana yake amevunjika mbele yake, ule ni mjane, hawezi kufuata mutu bure. Mwoe! Nikasema sisi wote watoto ya askari, basi mimi ndugu yake, nakuoza dada yangu, mahari ni kile kitambaa." Abdunoor alikuwa amekwisha kumfunga sanamu kitambaa chake shingoni, waya usimkwaruze. "Baba Nabila akainua mkono, akasema, 'Nimekubali.' Vibarua wakapiga vigelegele. Shemeji, kreni ikamwinua kama kapu tupu."

Zuhurah alipanda gari kwenda Koboko, kwa Mwalimu Kamisi, mjomba wa mama yake, anayesomea watu wenye majini. Mwalimu alisikiliza hadi mwisho. Hakucheka.

"Ndoa haina utani," alisema. "Ukiitamka kwa mchezo, imefungwa. Talaka vilevile. Angekuwa binadamu ningebishana, ningeuliza walii wa kumwoza alitoka wapi. Lakini majini hawabishani. Wameshika neno."

"Basi amwache."

"Atamwacha. Amtazame machoni, amwambie. Lakini wewe usiwepo, binti yangu. Mbele yake asimame mke mmoja tu."

"Niwaache peke yao tena, Mjomba?"

"Mara ya mwisho."

Alikubali kwa mdomo.

Mwalimu Kamisi alikuja alasiri iliyofuata, akamfundisha Abdunoor la kusema, akasimama langoni kusoma, akamtuma Zuhurah kwa Santa. Kutoka upande wa pili wa ua, Zuhurah aliona mgongo wa mume wake. Maneno hakuyasikia. Mtu anayeacha mke, aliwaza, hasemi kwa sauti ndogo namna hiyo. Kisha aliona mkono wa Abdunoor ukipanda, ukafungua kile kitambaa shingoni mwa sanamu, taratibu, kidole kwa kidole, na alijua ni nini kinamponyoka: mtu huyu, mlango huu, jina la Mama Nabila. Santa alimshika nguo. Alijichomoa, akapenya ua.

"Sema kwa sauti!" aliita. "Mwambie na mimi nisikie!"

Kisomo kilikatika. "Zuhurah, rudi!"

Moshi ulikuwa umejaa uani. Abdunoor aligeuka. Alimtazama machoni moja kwa moja, jinsi mtu anavyotazama jiwe.

"Wewe, mke wangu, nimekuacha," alisema. Akarudia. Akarudia tena.

Mwalimu Kamisi alikuja mbio. "Bwana Abdunoor, umemwambia nani?"

"Si huyu?" Alimnyooshea Zuhurah kidole. "Huyu ya simenti. Imekwisha, Mwalimu. Ngoja nimwambie Mama Nabila aweke chai." Akampita, akaingia ndani.

Mwalimu aliinamisha uso. "Eda utakaa kwetu Koboko," alisema baadaye. "Neno limepita, binti yangu. Kachukue vitu vyako."

Mlango ulikuwa umefungwa. Ndani vikombe viligongana, na Abdunoor alikuwa anacheka. Zuhurah aligonga.

"Nani?" Abdunoor aliuliza.

"Ni mimi."

Kisha sauti yake mwenyewe, sauti ya Zuhurah, ikamjibu kutoka karibu sana na mlango, kwa upole wa mwenye nyumba:

"Mume wangu anapumzika, dada. Rudi siku nyingine."