Alingoja Jua Lifike Kitini

"Zimeni sauti," mwalimu alisema. "Tunaanza bubu, kama kawaida."

Ndivyo mama huyu anavyotufundisha kuchambua filamu fupi. Mara ya kwanza tunatazama bila sauti. Mara ya pili anasimamisha picha na kumwita mtu mbele ajibu maswali yake matatu: kamera iko wapi, mwanga unatoka wapi, na tukio lilichukua muda gani. Ukimjibu "inasikitisha sana, mwalimu," anakurudisha ukakae. Huzuni hata jirani yako anaiona, anasema. Wewe umekuja kusoma ilivyotengenezwa.

Siku hiyo ilikuwa zamu ya filamu ya mchumba wangu. Darasa zima linamwita Dairekta, kwa sababu hata akigongana na mtu mlangoni husema, "Kata, turudie." Harusi yetu ilikuwa imebakiza wiki tatu. Filamu hiyo alinificha miezi minne, eti ni zawadi yangu. Nikakaa mstari wa mbele, nimejipamba, mjinga mimi.

Picha ya kwanza ilikuwa kiti kitupu kando ya dirisha, kwenye chumba chake cha mbele. Kivuli cha nondo za dirisha kilianzia juu ukutani, kikateremka, kikateremka, mpaka kikafika kwenye kiti. Wenzangu wakaguna kwa kusifia. Kisha mtu akaja, akakaa kwenye kile kiti.

Mtu huyo alikuwa mimi.

Nilikuwa na gauni la nyumbani, mikono imelowa maji. Nikajiona nikisikiliza, nikauliza kitu, nikafunua kinywa nikapiga kelele isiyosikika. Halafu mkono wa mwanamume ukaingia kwenye picha, ukanishika kidevu, ukanigeuza uso taratibu kuelekea dirishani.

 Pale hapakuwa na uigizaji. Ile ilikuwa siku niliyoambiwa kwamba baba yangu amefariki.

Taa zikawashwa, makofi yakapigwa.

"Shoga, kumbe unaigiza hivi!" alisema rafiki yangu, yule anayerekodi sauti za filamu zetu. "Umeniliza, na sauti yenyewe haipo!"

Dairekta, aliyekaa nyuma yangu, akaniinamia sikioni.

"Waache waamini uliigiza," akanong'ona. "Mengine tutaongea nyumbani. Hii inashinda mashindano, mpenzi. Majaji watalia."

"Ulikuwa unanirekodi?"

"Shh. Watu wanasikia."

Nimewahi kuwasimulia watu kuhusu mkono ule. Niliwaambia siku ya msiba wangu mwanamume huyu alinikalisha penye hewa, akanishika kidevu kama mtoto, akanipangusa machozi. Ndipo nilipomkubalia ndoa. Kumbe alikuwa ananiweka sawa kwenye picha.

"Mwigizaji mwenyewe, njoo mbele," mwalimu aliniita. "Kamera iko wapi?"

Nikasimama. Nikaenda mbele.

"Kwenye rafu ya vitabu, mwalimu. Imefichwa."

"Umejuaje kwamba imefichwa?"

"Kwa sababu huyo anayelia hajui kama ipo."

 Mwalimu akavua miwani, akanitazama vizuri.

"Mwanga unatoka wapi?"

"Dirishani. Pazia limeondolewa. Niliambiwa limeondolewa ili nipate hewa."

"Na muda?"

Nikageukia picha iliyosimamishwa ukutani. Kivuli kilikuwa kimefika kwenye kiti. Dakika moja kabla kilikuwa karibu na dari.

"Muda siujui, mwalimu. Muulize mwenye kazi."

Mtu wa kamera mguse popote, lakini ukimuuliza kuhusu picha anayojivunia hawezi kunyamaza. Dairekta akanyanyuka, kifua mbele.

"Wengine wangetumia taa, mwalimu. Mimi nilitumia jua lenyewe. Niliwasha kamera saa moja na robo asubuhi, sikuigusa mpaka saa tatu na nusu, kivuli kilipofika kwenye kiti. Wakati wa kuhariri nikaharakisha. Ni uvumilivu tu."

"Na habari uliipata saa ngapi?" nikamuuliza.

"Habari gani?"

"Ya baba yangu."

Kifua kikarudi ndani.

Wiki ile simu yangu ilikuwa kwa fundi, imevunjika kioo, kwa hiyo ndugu zangu walinipata kupitia simu yake. Asubuhi ile nilikuwa jikoni kwake naosha vyombo vya wenzetu wa darasa waliokula kwake usiku. Alikuwa ameniambia nisiingie chumba cha mbele, anapanga mambo yake.

"Uliniambia dada alikupigia saa tatu na nusu," nikasema, "ukaja mbio jikoni kuniita. Sasa kama saa moja na robo ulikuwa hujui kitu, kiti kile ulikuwa unamwekea nani?"

"Nilikuwa najaribu mwanga tu."

"Na kamera ukaificha ili vitabu visiione?"

Mtu mmoja akacheka, akajiziba mdomo. Mimi nilikuwa nimeshatoa simu. Dada yangu mkubwa, tangu tuzike, alikuwa ananijibu neno mojamoja. Nilidhani ni majonzi. Nikampigia, nikaweka sauti ya nje.

"Sema," dada akapokea.

"Dada, siku ile ya baba, ulimpigia shemeji yako saa ngapi?"

"Leo ndiyo umeamua kuuliza?"

"Nijibu tu, dada yangu. Nakuomba."

Akashusha pumzi.

"Saa moja. Baba alikuwa mahututi, anaomba akusikie. Nikamwambia shemeji, mpe mwenzio simu haraka, mzee hafiki mchana. Akasema uko kwenye mtihani, ukitoka atakwambia. Saa mbili nikapiga tena, akasema bado. Baba akakata roho saa tatu kasoro, nikampigia kumwambia. Wewe ukanipigia saa nne unalia, hata samahani hukusema. Nikajiambia, sawa, mtihani umemshinda baba."

"Dada, sikuwa na mtihani."

"Unasemaje?"

"Nilikuwa jikoni kwake. Yeye yuko chumba cha mbele. Hatua sita."

 

Dairekta akaja mbele, mikono ameiinua kama mtu anayetuliza ng'ombe.

"Nisikilize, mpenzi. Ningekwambia, naapa. Sikujua kama mzee atakufa! Nilitaka ile sura yako ya kwanza tu, ukisikia anaumwa. Nilijua atangoja kidogo..."

"Angoje nini?"

 Shoga yangu ndiye aliyemjibia kutoka mstari wa nyuma.

"Angoje jua lifike kwenye kiti. Mungu wangu!"

"Mnaniona mnyama," Dairekta akasema, na sasa akawa anazungumza na darasa zima. "Lakini ninyi ni watu wa filamu, mnanielewa. Sura ya kweli haipatikani mara mbili. Mwalimu, niambie wewe. Kimbinu, kazi hii ina kasoro?"

Hapo ndipo nilipomwona vizuri. Baba wa watu amekufa akiomba sauti ya mwanawe, na huyu anaulizia alama.

"Haina kasoro," nikamjibu mimi. "Mwanga umekaa, kivuli kimetulia, uso unaonekana mpaka ute wa puani. Ndiyo maana nataka kutapika."

Akanyoosha mkono anishike kidevu. Kwa mazoea, nadhani.

"Usiniguse!"

"Basi tutoe kipande hicho. Nitakifuta sasa hivi. Wazazi wangu wameshaalika watu, wiki tatu zimebaki. Utawaambia nini?"

"Mimi? Utawaambia wewe. Ukikosa maneno, waonyeshe filamu."

"Unavunja ndoa kwa sababu ya picha ya dakika tano?"

"Navunja kwa sababu ya yale masaa mawili uliyoyaharakisha."

Mwalimu akafika kwenye kompyuta, akachomoa diski ya filamu, akaifungia kwenye droo ya meza yake na funguo akaweka mfukoni.

"Hii haiendi kwenye mashindano yoyote," akasema. "Inakaa humu mpaka mwenye uso aamue. Na wewe, toka darasani kwangu. Utaitwa na mkuu wa chuo."

"Mwalimu, ile ni kazi yangu ya kumalizia mwaka!"

"Toka."

Alitoka akiwa ananilaumu mimi. Kwenye korido nilisikia anampigia mtu, anasema nimechanganyikiwa na msiba. Dakika mbili hazijapita, ujumbe wake ukaingia kwenye simu yangu:

"Umenidhalilisha mbele ya watu. Ila nakupenda bado. Tukishinda ningeandika jina la mzee wako mwishoni, kumuenzi."

Nikausoma mara mbili, maana mara ya kwanza sikuamini kwamba mtu anaweza kuandika hivyo na mkono usimkauke. Nikavua pete, nikaiweka mezani kwa mwalimu, nikamjibu:

"Jina la baba yangu usilitaje. Kwenye filamu, kwenye harusi, wala mdomoni mwako. Pete iko mezani kwa mwalimu."

Kisha nikamfungia asinipate tena.

Shoga yangu alinitoa nje, akanikalisha kwenye ngazi, akaniwekea chupa ya maji pembeni, akarudi ndani bila kunihoji. Nilidhani simu ya dada ilishakatika zamani. Nikaitazama, bado dakika zinahesabika.

"Dada? Bado upo?"

"Nipo." Alikuwa analia. "Nimesikia yote. Nisamehe, mdogo wangu. Miezi minne nimekuchukia. Kila nikilitazama kaburi nakuchukia."

"Hukujua."

"Ningekuuliza. Mdomo ninao, kwa nini sikukuuliza?"

 Nilipangusa uso kwa mkono wa blauzi, nikakusanya nguvu za kuuliza lile lililokuwa limebaki.

"Alitaka kuniambia nini?"

Nilimsikia dada akipenga kamasi.

"Sijui. Hakuniambia mimi, alikuwa anakungoja wewe. Ilipofika saa mbili na nusu akawa hatulii, anapapasa kitanda anatafuta simu. Nikaona nimdanganye. Nikamwekea simu sikioni, nikamwambia, haya baba, mwanao huyu hapa."

"Akasema nini?"

"Akasema haloo. Anasema haloo, anatega sikio. Anasema tena haloo. Mpaka mwisho alikuwa anasema hivyo tu."

Niliinama nikatapika palepale kwenye ngazi, chai yote ya asubuhi, na baada ya chai yakatoka maji matupu. Dada alinisikia.

"Uko na mtu hapo?" akauliza.

"Niko peke yangu."

"Nyanyuka. Njoo nyumbani."

"Usikate simu, dada."

"Sikati."

Na hakukata. Tulisafiri naye hivyo njia nzima, wala hatukuwa tunasema kitu, mpaka nikamwona amesimama mlangoni kwake, simu sikioni.