Noti ya Chini Kabisa

Naeleza niliyoyaona, wala siongezi. Nimesomea sheria, najua uzito wa ushahidi na wepesi wa hofu.

Jua lilikuwa linazama nilipoifikisha saksafoni ya marehemu mjomba kwa fundi wa ala, mama mmoja tuliyezoea kumwita Bi Gundi. Ilikuwa imeanguka kutoka kitini mchana ule, na noti za chini zikakataa kutoka. Mazoezi ya bendi yangeanza saa moja. Kiongozi wetu alikwishatamka: atakayekosa leo, kiti chake kina mtu.

"Wakili, umemwangusha nani tena?"

"Kiti kiliteleza, Bi Gundi."

"Kiti! Mnamsingizia kwa kuwa hana mdomo wa kujitetea."

Alifunga dirisha, akavibana vifuniko vya matundu ya chini kwa vipande vya kizibo, akazima taa ya chumba. Kisha akateremsha ndani ya bomba kijitaa chenye waya. Ndivyo wanavyotafuta tundu: kifuniko kisichokaa sawa huvujisha mwanga gizani. Ukavuja mmoja, mwembamba kama uzi.

"Huyo hapo. Ngoja nikalete ngozi ya kifuniko stoo. Usiguse kitu."

Nikabaki na ule uzi wa mwanga.

Ukakatika.

Nilipima: waya umelegea? Betri imekwisha? Nikachungulia bomba. Kijitaa kilikuwa kinawaka. Baina yake na lile tundu palikuwa na kitu... kimeziba. Harufu ikapanda, ya dawa ya kifua, ile aliyojipaka mjomba miezi yake ya mwisho.

Tk.

Kifuniko cha juu, ambacho hakikubanwa, kikajifunga. Tk. Kingine. Tk... tk... Polepole, kama vidole vinavyokumbuka.

Hapo ndipo nilipokosea. Muda ulikuwa umenibana, na mpigaji yeyote akiona tundu limeziba hutaka kujua jambo moja tu: inalia? Nikaweka kinywa, nikapuliza.

Ililia. Noti ya chini kabisa, safi. Nikaacha kupuliza.

Yenyewe haikuacha.

Bi Gundi alirudi, ngozi mkononi, akasimama mlangoni hadi sauti ilipokwisha.

"Umepuliza?" akanong'ona.

"Nimepuliza."

"Nami sijaitoa taa, sijaipangusa saksafoni ndani... Mwanangu, hukusubiri nijue ndani mna nani?"

"Mna nini," nikamsahihisha.

Alinifungulia mlango, akakaa mbali nao.

Nilifika mazoezini kwa wakati, nikapiga kama sijawahi kupiga. Kiongozi akanishika bega. "Kiti ni chako, baba. Nani wa kukugusa?"

Daktari amenipima mara mbili. Mapafu mazima, asema. Sina hoja ya kumpinga. Huenda ni wasiwasi. Huenda harufu ile ilibaki katika ngozi za vifuniko miaka yote. Nayakubali yote kuwa yanawezekana.

Lakini kila jua likizama, saksafoni ikiwa ndani ya kasha, kasha limefungwa kwa ufunguo, nami nimeketi na mafaili yangu, hewa huanza kuniishia kifuani. Pumzi hutoka ndefu, iliyopimwa, kama ya mtu anayeshikilia noti. Mke wangu huuliza kutoka jikoni ni nani anayepiga.

Simjibu. Huwa sina pumzi ya kumjibu.