Jumanne ya Mita Tano

Duka la kuchapa ramani lilijaa watu mchana ule. Binti wa blauzi ya njano, ambaye ofisini walimwita Miwani, alikwapua bomba lake la karatasi akatoka mbio. Hakufika mbali.

"Dada! Umeondoka na bahari yangu!"

Kijana mrefu alikuwa akimkimbilia, shati lake la kazi limepauka kwa chumvi, mkononi ana bomba jingine. Walizikunjua ramani palepale kibarazani. Zote mbili zilikuwa za mlango wa bandari. Kijana alikuwa mpimaji, akipima kina kwa boti.

"Na wewe unapimaje?" kijana aliuliza.

"Kwa leza ya setilaiti. Mwanga mwingine unarudi kutoka juu ya maji, mwingine unazama na kurudi kutoka chini. Nikishajua tofauti, nimejua kina."

"Kwa hiyo huloi hata kisigino?"

"Hata ukucha, Nahodha."

Kijana akacheka mpaka watu wakageuka. Jina hilo likamganda.

Simu zikaanza. "Umekula, mpenzi?" "Nakusubiri wewe unilishe." Jumanne moja Miwani alikuwa likizo. Nahodha akaja asubuhi, akamtengenezea bomba la jikoni, wakashinda pamoja hadi jioni.

"Kazini je?"

"Boti mbovu," alijibu, akimbusu shingoni.

Mama yake Miwani alipomwona, alimwita mkwe siku hiyohiyo.

Miezi mitatu baadaye Miwani alikuwa akilinganisha data zake na ramani ya bandari. Ramani ilisema mita tano. Leza ilisema mbili. Alirudia hesabu mara tatu, kisha akaomba fomu ya vipimo. Sahihi ilikuwa ya Nahodha. Tarehe ilikuwa ile Jumanne.

Akampigia simu.

"Siku hiyo ulikuwa kwangu."

"Nilinakili vipimo vya mwaka juzi. Pale mchanga hausogei, mpenzi."

"Umesogea."

"Nipe wiki moja. Nitapima upya, tutarekebisha kimyakimya."

"Boti mpya ya abiria inapita pale kesho asubuhi, itakwama."

"Nilibaki kwa ajili yako! Leo unanichongea?"

"Hukuniambia unaiacha kazi. Ningekufukuza mwenyewe."

Saa kumi jioni Miwani alituma ripoti. Kesho yake njia ilifungwa, na Nahodha akapelekwa na msimamizi wake kupima upya, kazi yake ya mwisho pale. Alimpigia akiwa botini, injini ikinguruma.

"Mita moja na sentimita themanini."

"Pole, mpenzi."

"Ulikuwa sahihi. Usinipigie tena."

Miwani alipiga hata hivyo, siku tisa mfululizo. Siku ya kumi namba haikupatikana.

Jumapili mama yake alikuja kula. Mama aliandaa meza mwenyewe, sahani tatu.

"Mkwe wangu amechelewa?"

"Haji, mama."

"Mmegombana?"

"Hapana." Miwani alivua miwani, akaifuta kwa pindo la gauni, akaifuta tena. "Alikosea kazini. Mimi ndiye niliyesema."

Mama akainua sahani ya tatu, akairudisha kabatini, akaja kukaa karibu na mwanawe.