Mpira wa Régina Ndani ya Kaye

Kila alasiri, huko Kabambare, Mama Clémentine alitwanga sombe, majani ya muhogo, nyuma ya nyumba. Watoto wa jirani walicheza na mpira uliofinyangwa kwa utomvu wa msituni. Mwaka ule wa 1955, binti yake Régina hakucheza. Alikuwa amevunjika mguu.

Muuguzi aliufunga mguu kwa vijiti. "Alale wiki sita," alisema. "Akisimama mapema, mfupa utaunga vibaya, naye atachechemea."

Lakini Régina alisikia mpira ukidunda. Mara mbili mama yake alimkuta akiteremsha mguu kitandani.

Baba yake, Raphaël, alichukua kaye mpya, daftari la kuandikia. Kwenye pembe ya kila ukurasa alichora duara. Kila duara lilikaa chini kidogo kuliko la ukurasa uliotangulia, kwa nafasi sawasawa, kisha maduara yakapanda vilevile. Alipomaliza, aliachia kurasa zipite mbiombio chini ya kidole gumba, duara likaonekana kushuka na kupanda.

Régina alitazama. "Baba, hii haiko mupira. Iko jiwe."

Raphaël hakukasirika. Alimwita jirani yao Placide, aliyefanya kazi kwenye gari la sinema lililozunguka vijijini kuonyesha picha. Placide alikuja na ndizi moja mbivu ya mgonjwa.

"Ndugu yangu," alisema, "hata sinema iko picha mingi zinazopita mbio. Lakini nafasi zako ziko sawasawa. Tazama muchi wa Mama Régina. Pale juu unafanya nini?"

Raphaël alichungulia dirishani. "Unasita."

"Na kushuka?"

"Unakimbia."

"Basi, pale juu chora duara nyingi, karibu karibu. Pale unapokimbia, ziachanishe. Mupira ukigusa chini, ubonyee: uwe mupana na mufupi. Na kila mudundo uwe mudogo kuliko ule uliotangulia."

"Kumbe mimi iko mwalimu, na hamukuniambia," alisema Clémentine kutoka nje.

"Endelea kutwanga, mwalimu," alijibu Placide. " Mwanafunzi wako iko muzito."

Raphaël alichora upya. Sasa mpira ulianguka, ukabonyea, ukaruka, ukachoka kidogo kidogo, ukatulia. Régina alicheka, mara ya kwanza tangu aumie.

"Tena, Baba."

Tangu siku hiyo hakuteremsha mguu. Aliomba kalamu ya risasi. Kwenye kurasa zilizobaki alichora msichana anayeruka.

"Haruki muzuri," alimlalamikia Placide.

"Wewe ukitaka kuruka, unaanza na nini?"

Régina alifikiri. "Nakunja magoti."

"Na yeye basi akunje."

Régina alifuta, akachora tena. Siku zikapita hivyo.

Wiki ya sita ilipokwisha, muuguzi alifungua vijiti. Mguu ulikuwa umenyooka. Clémentine alinyoosha mkono ili amwinue mwanawe.

"Ngoja, Mama," alisema Régina. "Kwanza nakunja magoti."

Aliyakunja polepole, akasimama. Nje, watoto waliushika mpira, wakamngoja.